Matairi ya Kitinda

Mashine ya kupimia nguvu za magari ilikaa nyuma kabisa ya gereji, imefukiwa sakafuni, zimechomoza juu rola mbili tu za chuma, nene kama mapipa. Gari hupandishwa pale, likafungwa minyororo mbele na nyuma lisije likaruka, kisha mtu akaingia ndani na kukanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likikimbia bila kwenda popote. Jinsi magurudumu yanavyozisukuma rola, ndivyo kompyuta inavyohesabu: nguvu za farasi ngapi zimefika chini, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kiasi gani. Si nguvu iliyomo ndani ya injini, bali ile iliyobaki baada ya kupita kwenye gia, kwenye difu, yale meno ya nyuma yanayogawia magurudumu nguvu, na kwenye ekseli, hadi kwenye mpira unaokanyaga barabara. Aliyeiendesha mashine hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, binti wa kwanza wa mwenye gereji. Wateja walimwita Mpimaji.

Wanaume wazima walikuja pale wametanguliza vifua, wakaondoka wamenywea. Kuna mmoja aliyekuwa amefunga matairi marefu, gari limeinuka kama mbuni, akapimwa, akaambiwa nguvu zimepungua tangu mara ya mwisho.

"Mashine yako ina homa," alisema.

"Haina homa. Farasi wako wote wazima, ila umewavisha buti za chuma."

Kisha akamweleza, kama alivyowaeleza wengi. Ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani unakwenda nayo mbali. Ukiinyoosha mbele kwa mkono, baada ya hatua chache mkono unatetemeka. Ndoo ni ile ile, mkono ni ule ule. Tairi likiwa kubwa, ekseli inaisukuma barabara kwa mkono ulionyooshwa. Tena tairi lenyewe ni zito, linakula nguvu ya kulizungusha kabla gari halijapata chake. Maneno hayo Mpimaji alikuwa ameyasema mara nyingi mno, yakamtoka mdomoni kama salamu. Ndiyo maana baadaye hakuacha kujiuliza ilikuwaje yasimjie akilini yalipohitajika.

Alikuwa na mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa, ambaye nyumbani aliitwa Kitinda na akaendelea kuitwa hivyo hata baada ya kuota ndevu. Kitinda hakuipenda gereji. Alisema harufu ya oili inamkalia kichwani. Alichopenda ni barabara. Alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, akibeba mizigo ya watu: magodoro, mbao, matangi ya maji, mara nyingine kitanda cha maharusi na maharusi wenyewe wamekaa juu yake. Wateja wake wengi walikaa ng'ambo ya milima, mahali ambapo lami inakoma na udongo mwekundu unaanza. Mvua ikinyesha, pikapu ilizama hadi tumboni. Mara kadhaa alilala huko huko, amejikunyata ndani ya gari, na mama yao akakesha ameketi sebuleni na simu mapajani.

Injini ilipoanza kutoa moshi mzito, Kitinda hakumpelekea baba yake. Alimpelekea Msumari. Huyu alikuwa mwembamba, mrefu, kichwa kidogo, jina lilimkaa lenyewe. Alikuja gerejini kwao akiwa mvulana, akafundishwa kazi na baba yao, Mzee mwenyewe, akala nyumbani kwao, akalala chumba kimoja na Kitinda miaka ile walipokuwa hawatengani kama ulimi na meno. Alipokomaa alifungua karakana yake ndogo nyuma ya soko, kwa baraka za Mzee. Aliifungua injini ya pikapu hiyo yote, akabadilisha pistoni na ringi, akaifunga upya. Mpimaji alipomwambia ailete kwenye rola waone, alikataa kwa utani.

"Dada, injini mimi huisikiliza. Kuihoji ni kazi yako."

Wiki hizo hizo Mzee alikuwa akihangaika na jambo lake. Alizunguka kwa wauza vipuri, akapiga simu kwa marafiki wa zamani, mpaka akapata alichotaka: matairi manne makubwa ya matope, yenye meno mapana, pamoja na rimu zake za chuma. Aliyafunga kwa mikono yake, hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza alirudi nyuma akaitazama pikapu jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa sare kwa mara ya kwanza.

"Sasa matope yatakuamkia shikamoo," alimwambia mwanawe.

Mama yao alitoka nje akacheka mpaka akashika kiuno. "Na mimi nitapandaje humo? Mtaninunulia ngazi?"

Kitinda alimkumbatia baba yake, kitu ambacho si kawaida ya wanaume wa nyumba ile. Akaenda zake akipiga honi mpaka mwisho wa mtaa.

Siku chache baadaye Mzee alimpigia simu kumuuliza linavutaje. Mpimaji alikuwa karibu, akasikia jibu.

"Zuri, baba. Zito kidogo mlimani. Injini bado mbichi hii, itafunguka."

Mzee aliguna. Maneno hayo yakamwingia, yakakaa.

*

Kitinda alifia mlimani, mchana, jua likiwaka, barabara kavu. Dereva wa lori alikuja msibani mwenyewe, kofia mkononi, akaeleza mbele ya wazee. Alikuwa akipanda taratibu na shehena ya saruji. Pikapu ikaja kwa nyuma kwa kasi, ikatoka kumpita. Mbele palikuwa peupe, nafasi ilikuwepo.

"Akafika pembeni yangu, tukawa sawasawa, dirisha kwa dirisha," alisema. "Nikamwona anakanyaga. Lakini gari likakosa pumzi. Nikaona kama amesimama vile. Nilifunga breki ili apite, naye nadhani alifunga breki ili arudi nyuma yangu, tukabaki vile vile. Basi likatokea kwenye kona. Akalikimbia, akaingia bondeni."

Pikapu ilibiringika mara moja, ikasimama tena kwa magurudumu yake. Watu walioteremka walidhani dereva ni mzima, kwa kuwa taa zilikuwa zinawaka na injini ilikuwa ikinguruma. Paa ndilo lililokuwa limeshuka.

Katika yote aliyoyasema dereva yule, Mzee aliokota maneno matatu tu: gari likakosa pumzi. Akayatia pamoja na yale ya simuni, akapata mtu wa kulaumu. Msumari alipofika jioni ile, macho yamevimba, Mzee aliinuka kwenye kiti chake akaenda kusimama mlangoni.

"Ulimpa mwanangu injini mbovu."

Msumari akarudi hatua moja nyuma.

"Nimekulisha, nimekufundisha kushika spana. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Ondoka. Hapa huna msiba, na makaburini nisikuone."

Watu walitazama chini. Msumari alimtazama Mzee, kisha akamtazama Mpimaji, kana kwamba ana neno. Mwishowe akageuka akaondoka, na makaburini hakuonekana. Mama yao, aliyekuwa ndani na wanawake, aliuliza baadaye, "Msumari yuko wapi?" Hapana aliyemjibu, naye hakuwa na nguvu ya kuuliza mara ya pili.

Uchungu wa Mzee haukwenda machoni, ulikwenda mdomoni. Kila mteja aliyekuja gerejini alisikia habari ya fundi aliyeua. Baadhi yao walikuwa wateja wa Msumari, na baada ya muda hawakuwa tena. Mpimaji alipita siku moja nyuma ya soko akaiona karakana iko wazi na hakuna gari hata moja ndani. Msumari alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anasafisha spana ambazo tayari zilikuwa safi. Mpimaji alitamani kusimama. Hakusimama. Alijiambia kwamba binti hawezi kumpinga baba yake akiwa katika msiba, na kwamba huenda kweli injini ilikuwa na kasoro. Nani ajuaye?

Pikapu iliyoharibika iliburutwa hadi gerejini ikawekwa nyuma, ikafunikwa turubai. Ilikaa hapo miezi, wanaizunguka wote bila kuitazama, mpaka asubuhi moja Mzee akalivuta turubai mwenyewe.

"Leo utaipima," alisema.

"Baba, ya nini sasa?"

"Nataka ijulikane. Watu wananisikiliza wakifikiri nasema kwa uchungu. Nitawaita mafundi wote wa mji huu, niwaonyeshe. Mtu yule asishike tena injini ya mtoto wa mtu."

*

Mzee aliingiza jeki ndani akalisukuma paa juu kidogo, nafasi ya mtu kuketi ameinama. Alibadilisha oili, akatia dizeli mpya na betri. Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza, ikatulia, ikanguruma taratibu bila kukohoa. Mpimaji aliisikia, akamwona baba yake naye ameisikia.

Kazi ya kuingia ndani ilikuwa yake. Alitandika shuka kwenye kiti asikione kilivyo, akapenya mlangoni shingo upande. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma sana, maana Kitinda alikuwa na miguu mirefu. Angeweza kukivuta mbele, mkono ulishafika kwenye kishikio, ukakataa. Akajinyoosha mpaka kidole gumba cha mguu kikafika kwenye klachi. Kioo cha mbele hakikuwepo. Kwenye usukani, mahali mkono wa kulia unapokaa, ngozi ilikuwa imelika ikawa laini, na mkono wake ukakaa palepale bila kutaka.

Alipandisha gia, akakanyaga. Kelele ikajaa gereji. Paa lilitetemeka karibu na sikio lake, na kwa kitambo kidogo akaona kile ambacho huenda ndicho alichokiona mwisho mdogo wake: mshale unapanda polepole, polepole, na mguu umeshafika mwisho, hakuna pa kukanyaga tena. Mshale wa spidi ulisema sitini. Kwenye kompyuta, alipotupa jicho, rola zilisema spidi ni sabini.

Alipoachia mafuta, Mzee alikuwa amesimama mbele ya skrini.

"Farasi sabini na sita," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Zamani walikuwa tisini na moja. Nakumbuka, Kitinda mwenyewe alikuja kujisifu nao mezani. Farasi kumi na tano wameenda wapi? Nani kawaiba?"

Mpimaji alikuwa amegeuza shingo anatazama nyuma kupitia dirishani. Injini ilikuwa imeshakatwa, gia iko huru, lakini magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yanazunguka. Yalizunguka, yakazunguka, mazito, kama jiwe la kusagia lililosukumwa na mtu akaondoka. Magari yote yaliyopita pale yalisimama upesi kuliko hivyo. Ndipo maneno yake mwenyewe yalipomrudia, ya ndoo na mkono na buti za chuma.

Alitoka garini taratibu.

"Baba. Kipimo cha tisini na moja kilichukuliwa na matairi mengine."

"Tairi ni tairi."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, ukilinganisha vitu viwili usibadilishe cha tatu. Ukiwaita mafundi, watauliza hilo hilo. Yale ya zamani yako juu ya rafu. Tuyafunge, tupime tena, haki itendeke."

"Funga, tumalize," alisema Mzee.

Walifungua nati pamoja, yeye upande huu, baba upande ule. Mpimaji alishusha tairi jipya la upande wake kwa shida, akiliegemeza pajani. Upande wa pili alisikia mguno, akazunguka haraka. Mzee alikuwa amelivuta tairi likamtoka kwenye boliti na kumwelemea, anayumba nalo, magoti yanakunjika. Akamsaidia kuliteremsha, wakaliviringisha hadi ukutani. Kisha Mzee akaenda kwenye rafu kuchukua la zamani. Alilishika kwa mikono miwili, amejiandaa kwa uzito, na tairi likaja juu kwa wepesi mpaka karibu limgonge kidevu.

Akabaki amesimama hivyo. Alikuwa fundi kwa umri wake wote wa utu uzima, hakuhitaji kompyuta imwambie. Mpimaji aliona uso wake ukifunguka na kufungwa. Alitaka kusema tusiendelee, lakini Mzee alikwishapiga goti na kulisogeza tairi kwenye boliti, na mikono yake, ambayo haikuwahi kukosea tundu la nati, ilikosea mara mbili.

Mpimaji akaingia tena chini ya paa lile. Safari hii gari lilichangamka. Mshale ulikwea, na mshale na rola zikasema namba ile ile. Alipoachia mafuta, magurudumu yalisimama upesi.

Themanini na tisa. Mstari wa torki ulikuwa umeinuka wote, tangu chini hadi juu, kama mtu aliyetua mzigo akanyoosha mgongo. Hao wawili waliopungua ni uzee wa gari, hakuna wa kulaumiwa. Injini ya Msumari ilikuwa nzima.

"Zima," alisema Mzee.

"Baba, si matairi peke yake. Alikuwa anapita lori mlimani, kuna mzigo nyuma, kuna basi. Magari mangapi yana matairi kama hayo na watu—"

"Nimesema zima."

Alizima. Juu ya habari ya mshale, kwamba mshale huhesabu mizunguko tu na tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo Kitinda aliamini anakwenda sitini kumbe anakwenda sabini, na kwamba hivyo ndivyo alivyolifikia lori na kuifikia kona, hakumwambia baba yake wakati ule. Hakumwambia baadaye pia, wala yeye wala mtu mwingine yeyote.

*

Walikwenda kwa Msumari wote wawili, kwa miguu. Mzee hakutaka kuingia kwenye gari. Alitembea mbele, mikono nyuma, na watu waliomsalimu njiani hakuwaitikia.

Msumari aliwaona tangu mbali. Alisimama, akajifuta mikono kwenye matambara, akasubiri. Pengine alidhani wamekuja kumtukana mlangoni pake.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee hakusema marahaba. Alisema, "Injini yako ni nzima."

"Najua."

"Tumeipima. Matairi ndiyo yaliyoilemea. Matairi yangu."

Msumari akainamisha kichwa. Mpimaji, aliyemfahamu tangu mdogo, akaona kwamba hakushangaa.

"Ulijua," alimwambia.

"Dada, nilikaa naye ndani ya gari hilo. Alikuja kunionyesha matairi siku ya pili tu. Tukapanda mteremko ule wa nyuma ya soko, nikasikia. Injini inalia, gari haliendi. Nikamwambia, Kitinda, ukitaka matairi haya lazima nikubadilishie meno ya difu, la sivyo rudisha yale madogo. Mlimani utaumia."

"Akasemaje?" aliuliza Mzee.

Msumari aliokota tambara, akalikunja.

"Nakuuliza, mwanangu. Akasemaje?"

"Akasema, baba amehangaika sana kuyatafuta. Akasema, tangu niache gereji hajawahi kunipa kitu kwa furaha namna hii. Nikiyavua leo ataona nimeitupa zawadi yake. Ngoja mvua zipite, yalike kidogo, halafu nitapata kisingizio." Alilitupa tambara kando. "Nikamwambia basi njoo hata nikubadilishie difu kimya kimya. Akasema atakuja akipata nafasi."

"Na mimi nilipouliza linavutaje, akasema ni injini."

"Alinieleza. Alicheka. Alisema, samahani ndugu yangu, nimekusingizia kidogo, nitakutetea nikimwona."

Mzee aliketi. Hakuchagua mahali, aliketi juu ya bloku ya injini iliyokuwa pale chini, na oili ikaingia kwenye suruali yake.

"Nilikufukuza msibani," alisema. "Nimekupaka matope mji mzima. Mbona hukunena? Neno moja tu lingetosha."

"Ningelinena vipi, Mzee? Ulikuwa umesimama mlangoni, macho yako siyajui. Mwanao yuko ndani amefunikwa shuka. Nikuambie nini? Nikuambie ni zawadi yako? Nikaona, mimi ni kijana bado. Jina langu likichafuka nitalisafisha siku moja. Lakini hilo lako halisafishiki."

Mpimaji alitoka nje. Alisimama ukutani, akalia kwa mara ya kwanza kilio kilichokamilika, cha mdogo wake, na cha spana zile safi alizoziona akapita. Ndani hakukusikika kitu. Alipochungulia, Msumari alikuwa amechuchumaa mbele ya baba yake, amemshika mikono, na Mzee anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, kama mtu anayekataa chakula.

*

Jioni Mzee alimweleza mkewe. Hakumwita chumbani. Alisimama mlango wa jikoni, mkewe akiwa anachambua mchele, akaeleza tangu mwanzo bila kujipunguzia. Mpimaji alikuwa akiosha vyombo, akaendelea kuosha sahani moja hiyo hiyo.

"Basi ni mimi," Mzee alimaliza. "Siyo Msumari. Ni mimi niliyemfunga mwanao jiwe miguuni."

Mama yao hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kutenga mawe na mchele.

"Ulinunua wewe," alisema hatimaye. "Aliyekuambia ununue ni nani? Nani alikuwa akikusumbua kila mvua, mtafutie mtoto matairi ya maana, nimechoka kukaa na simu mapajani?"

Mzee aliegemea mwimo wa mlango.

"Usiibebe peke yako, baba watoto. Hutaiweza." Kisha alisogeza ungo pembeni. "Lakini usiniambie lolote tena leo. Niache."

Akaenda chumbani kwa Kitinda akalala huko. Alilala huko kwa muda mrefu. Mchana alipika, alimwekea mumewe chakula, aliitikia akiulizwa. Ila kicheko chake kile cha kushika kiuno hakikurudi, na wenye nyumba wakazoea kuishi bila hicho kama watu wanavyozoea kuishi na dirisha lililovunjika.

Mzee alifanya alichoahidi, kinyume chake. Aliwaita mafundi kweli, wakajaa gerejini wakidhani wanakuja kuona ushahidi juu ya Msumari. Mpimaji aliwasha mashine, pikapu ikapimwa mbele yao kwa matairi makubwa, kisha kwa madogo. Mzee alisimama kando ya skrini akaeleza, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka, nguvu inavyopotea njiani, na kwa nini anayeinua matairi bila kugusa difu anamwinulia dereva mlima. Halafu akasema ni nani aliyeyafunga matairi yale. Wachache walitaka kumfariji, akawainulia mkono. Aliomba radhi kwa Msumari kwa kulichafua jina lake la fundi, mbele yao wote, na baada ya hapo akaning'iniza ovaroli yake kwenye msumari ukutani. Tangu siku hiyo hakufunga gurudumu la mtu.

Wateja wa Msumari walirudi, si wote. Naye aliendelea na kazi, lakini akawa na tabia mpya: kila gari aliloligusa alilipeleka kwa Mpimaji lipimwe kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Hakutania tena juu ya kusikiliza na kuhoji. Mpimaji angependa atanie.

Asubuhi moja yenye mawingu Msumari alikuja nyumbani, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama yao ndiye aliyemfungulia. Alimtazama kutoka chini hadi juu, akamshika uso kwa viganja viwili, akasema, "Umekonda. Wewe wa kukonda tena, utabaki na nini?" Akamkalisha mezani mpaka akala.

Kisha wakaenda makaburini, Mzee, Mpimaji na Msumari. Mama alisema hawezi, siku nyingine. Njia ilikuwa na umande, viatu vikalowa. Walipofika kwenye safu yenyewe, Mpimaji alitaka kwenda mbele kumwonyesha Msumari lilipo kaburi, kwa sababu hakuwahi kufika. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Ni lile la tatu, lenye mchanga mwekundu," alimwambia Msumari. "Nenda wewe kwanza."

Msumari akasita. "Na wewe, Mzee?"

"Mimi nitasubiri hapa. Nilikuzuia usimzike, sasa kaa naye utakavyo." Alitazama pembeni. "Mwambie nimekuleta."